Kinachokwisha na kinachobaki: kuchagua filamu ya Krismasi na zawadi ya kazi ya mikono

Kila Desemba nyumbani kwetu huwa na mabishano mawili, na yote huanza wiki moja. La kwanza ni tutaangalia nini usiku wa mkesha. La pili ni nani apewe nini. Kwa miaka mingi niliyaona kama mambo yasiyohusiana, mpaka mwaka niliompa wifi yangu mshumaa mkubwa wa manukato, kisha Desemba iliyofuata nikaukuta umekaa juu ya kabati, na karatasi yake haijafunguliwa. "Ni mzuri mno kuuwasha," akaniambia. Usiku huohuo tukakaa kuangalia filamu ambayo kila mtu pale ndani alikuwa ameshaiona mara sita au saba, na hakuna aliyelalamika.

Ikanikaa kichwani. Filamu iliyokwisha kuonekana haichoshi, na zawadi mpya inalala kabatini. Tangu hapo vyote viwili navipima kwa swali moja: hiki ni cha kutumiwa mpaka kiishe, au ni cha kutolewa tena mwakani? Vyote vina nafasi yake. Kosa ni kumpa mtu cha aina moja wakati anachohitaji ni cha aina nyingine.

Filamu ya zamani au mpya

Filamu ya zamani ina sifa ambayo mpya haiwezi kuwa nayo: inavumilia fujo. Mtu ataingia, mwingine atatoka, simu italia, mtoto atamwaga kinywaji, nusu ya maneno hayatasikika, na bado kila aliyeketi anajua tumefika wapi. Filamu mpya inadai utulivu. Iweke mbele ya watu kumi na wawili usikie: "Huyu ni nani tena?" "Si yule aliyekufa?" "Hebu rudisha nyuma kidogo." Ikifika katikati, mwenye rimoti ameshachoka na waliokuwa wanaifuata wamenuna. Kwangu mimi hesabu ni rahisi. Mkiwa zaidi ya watano, wekeni mnayoijua. Mkiwa wawili watatu, na watoto wamelala, hapo mpya itapata haki yake.

Ukitaka kuona mazoea haya yanavyozaliwa, chukua It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. Ilipotoka haikuleta fedha zilizotarajiwa. Mwaka 1974 waliokuwa na hatimiliki yake hawakuihuisha, na vituo vya televisheni vya Marekani vikajikuta na filamu ndefu ya Krismasi ambayo vingeweza kuionyesha bila kuomba ruhusa. Vikaionyesha kila Desemba, tena na tena, mpaka watoto wa miaka ile wakakua wakiamini kwamba sikukuu bila filamu hiyo haijatimia. Kwa hiyo mtu akikuambia lazima uipende kwa kuwa ni ya jadi, mkumbushe kwamba jadi yenyewe ilianzia kwenye makaratasi ambayo mtu alisahau kuyajaza.

Inafaa? Inategemea umekaa na nani. Haina rangi, ina dakika 130, na kiini chake ni baba mwenye familia aliyekata tamaa hadi kusimama darajani akitaka kujitupa mtoni. Watoto huwa wameshatoroka kabla malaika hajatokea. Lakini kwa watu wazima waliomaliza mwaka mgumu, sijaona inayoizidi. Mimi huiweka baada ya saa nne usiku, sauti chini, na waliobaki ni wale tu waliotaka kubaki.

Upande wa pili kabisa iko Home Alone ya 1990: dakika 103, mtoto aliyesahauliwa nyumbani, na wezi wawili. Sehemu ya mwisho ni kuteleza, kuanguka na kuungua, hivyo hata asiyejua neno moja la Kiingereza anacheka pamoja na wenzake. Ubaya wake huja kesho yake asubuhi, watoto wanapoanza kutega ngazi kwa vigari vyao. Nilikanyaga kimoja. Sikucheka.

Watu wengi huchagua filamu bila kuuliza urefu wake, na hapo ndipo jioni huharibika. Baada ya mlo wa sikukuu macho ya watu yamebakiwa na nusu saa ya uhai, si zaidi. Ndiyo maana napenda zile fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni. A Charlie Brown Christmas, iliyorushwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1965, ina kama dakika 25. The Snowman ya Uingereza, ya 1982, nayo ni hivyohivyo. Urefu ni mmoja lakini hazifanani kwa lolote. Ya kwanza ni ya maneno: watoto wanazungumza kama wazee wa baraza, muziki ni jazi, na malalamiko yao ni kwamba Krismasi imegeuka biashara. Ya pili haina mazungumzo kabisa. Kuna wimbo mmoja tu, mvulana na mtu wa theluji wanaporuka angani, na picha zake zilichorwa kwa mkono. Ukikaa karibu na skrini unaona mikwaruzo ya kalamu za rangi ikitetemeka kwenye theluji.

Kama sebuleni yuko bibi asiyejua lugha ya filamu na mjukuu asiyejua kusoma maandishi ya chini, The Snowman inawapa nafasi sawa, na hiyo ni sifa adimu. Waonye mapema tu kwamba mtu wa theluji anayeyuka. Mpwa wangu, akiwa na miaka minne, alilia mpaka ikabidi tuianze upya "ili arudi". Akarudi. Akayeyuka tena. Tulilala saa sita.

Kama zawadi zenu mwaka huu ni za mikono, ziko filamu mbili zinazokwenda nazo vizuri. The Nightmare Before Christmas ya 1993 ni ya vikaragosi vilivyosogezwa kidogo, vikapigwa picha, vikasogezwa tena. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Jack, mhusika mkuu, alitengenezewa vichwa takriban 400 vya kubadilishana ili uso wake uweze kushangaa, kununa na kuimba. Ilichukua kama miaka mitatu kupata filamu isiyofika dakika 80. (Na aliyeiongoza ni Henry Selick. Tim Burton, ambaye jina lake ndilo kubwa kwenye bango, aliibuni hadithi na kuwa mmoja wa watayarishaji. Ubishi huu huwa nashinda.) Klaus ya Sergio Pablos, ya 2019, ilichorwa kwa mkono, kisha mwanga na vivuli vikatiwa kwa kompyuta, na hadithi yenyewe inamhusu mzee fundi mwenye ghala lililojaa vitu vya kuchezea alivyovitengeneza mwenyewe. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba nachagua Klaus bila kusita, maana ile nyingine imejaa mifupa na majinamizi. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano anayejiona ameshaipita Krismasi, mifupa ndiyo hasa itakayomkalisha.

Nyingine nitazipitia haraka. Love Actually ya 2003 ina zaidi ya saa mbili na matukio ambayo hutaki kuyatazama ukiwa umekaa kati ya mtoto na mama mkwe. Iachieni siku mko peke yenu. Die Hard ilitoka Julai 1988, na wanaobishana kama ni ya Krismasi wanaupenda ubishi kuliko filamu.

Saa maalumu au wakati wowote

Huu nao ni uchaguzi, ingawa wengi hawauhesabu. Nchini Sweden kipindi kilekile cha katuni za Disney hurushwa tarehe 24 Desemba saa tisa alasiri, na kimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 60. Watu hupanga chakula na zawadi kukizunguka. Nchini Norway asubuhi ya siku hiyo huonyeshwa filamu ya mwaka 1973 kuhusu Cinderella, iliyotengenezwa na Chekoslovakia pamoja na Ujerumani Mashariki, na sauti za wahusika wote, mwanamke na mwanamume, husomwa na mtu mmoja, Knut Risan. Kiufundi ni kazi ya ajabuajabu. Ukijaribu kuwapa toleo lenye sauti nyingi, watakukatalia.

Kinachowavuta watu hao ni saa, na ukweli kwamba wengine wote nao wanatazama. Huduma za mtandaoni zimetupa uhuru wa kutazama wakati wowote, na uhuru huo umekuwa na gharama yake: tunatumia dakika arobaini kutafuta cha kutazama. Mimi nachukua njia ya katikati. Filamu inaamuliwa siku mbili kabla, inapakuliwa usiku wakati mtandao hauna watu wengi, na inaanza saa iliyotangazwa, aliyepo na asiyekuwepo. Kupakua si anasa. Filamu za Krismasi huhama kutoka huduma moja hadi nyingine mikataba inapokwisha, na uliyoiona mwaka jana kwenye akaunti yako huenda mwaka huu haipo. Mwenye DVD ya zamani hana wasiwasi huo, mradi mashine ya kuichezea bado inawaka.

Zawadi zinazokwisha: sabuni na mshumaa

Sasa zawadi. Kwa mtu usiyemjua sana, yaani jirani, mwalimu wa mtoto, mfanyakazi mwenzio, mke wa binamu uliyekutana naye mara mbili, mpe kinachokwisha. Hujui ana nafasi kiasi gani nyumbani kwake wala anapenda rangi gani, na hutaki kumlazimisha ahifadhi kitu kwa heshima yako. Sabuni na mshumaa ndivyo vinavyoshindania nafasi hii.

Sabuni ya mkono, ile isiyopikwa, huundwa kwa mafuta na kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji. Vikishachanganywa na kumiminwa, vipande hukatwa na kuachwa vikauke wiki nne hadi sita. Muda huo maji yanatoka na kipande kinakuwa kigumu. Ukinunua ambayo haijakaa vya kutosha, itafanya povu zuri siku ya kwanza na kufikia siku ya kumi itakuwa uji kwenye kisahani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni "Ulivikata lini hivi?" na jibu zuri huja papo hapo, maana fundi wa kweli anaandika tarehe. Kama hakumbuki, bonyeza pembe ya kipande kwa kidole gumba. Kikibonyea kama jibini, hakijawa tayari.

Mishumaa ina makundi matatu yanayostahili kutofautishwa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo mshumaa wake unasimama wenyewe bila chombo, unawaka polepole, na una harufu yake ya asali bila kutiwa kitu. Nta ya soya ni laini, ndiyo maana utaikuta ndani ya glasi au kopo, na inapokea vizuri manukato ya kuongezwa; lakini yataka wiki moja hadi mbili baada ya kumiminwa ndipo harufu itulie. Parafini hutokana na mafuta ya petroli. Inawaka vizuri tu, sina ugomvi nayo, ila ukiuziwa kwa jina la "kazi ya mikono" ujue kwamba mikono ilichofanya ni kuyeyusha na kumimina. Kati ya hiyo mitatu nanunua wa nyuki kwa mtu asiyependa manukato, wa soya kwa anayeyapenda. Ukimpa mtu mshumaa wa chombo, mwambie kuhusu siku ya kwanza: auache uwake mpaka nta iliyoyeyuka ifike ukingoni, kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Akiuzima mapema, kila siku utayeyuka pale pale katikati, utajichimbia kisima na utambi utazama humo. Na utambi ukatwe ubaki kama milimita 6 kabla ya kuwasha, vinginevyo unatoa moshi na kuichafua glasi.

Wauzaji hupenda kuuza mshumaa pamoja na "jioni ya filamu". Siungi mkono. Mwali unaakisiwa kwenye skrini, tena kwenye filamu isiyo na rangi ndiyo utaona duara la njano likicheza juu ya uso wa mhusika. Halafu kuna usingizi: watu sita wamelala kwenye makochi na moto unawaka karibu na pazia. Anayetaka mwali wakati wa kutazama aige kituo cha WPIX cha New York, ambacho mkesha wa Krismasi wa 1966 kilirusha picha ya magogo yakiwaka, na muziki juu yake, kwa ajili ya watu wasio na mahali pa kuwasha moto nyumbani. Filamu yenyewe ilikuwa ya sekunde 17, ikizungushwa tena na tena. Leo video za aina hiyo ni tele mtandaoni na hazichomi pazia.

Kwa hiyo nikishindanisha sabuni na mshumaa, sabuni inashinda. Sababu ni wifi yangu. Mshumaa mzuri unaogopwa, lakini sijawahi kukuta mtu aliyeitunza sabuni mwaka mzima kwa uzuri wake. Ataikuta bafuni siku ile ya zamani itakapoisha, na itatumika.

Zawadi zinazobaki: kikombe, blanketi, pochi

Hapa unaingia kwenye nyumba ya mtu na kukaa. Usitoe kinachobaki kwa mtu ambaye hujawahi kuona meza yake.

Kikombe cha mfinyanzi ndicho ninachokitoa mara nyingi zaidi, na ndicho nilichokosea mara nyingi zaidi. Watu hukitazama kwa nje. Kigeuze kwanza. Duara la chini, pale kinapogusa meza, huwa halina ule mng'ao wa kioo; pitisha kidole. Likikwaruza kidole litakwaruza meza. Kisha tazama ndani: kilichofinyangwa kwenye gurudumu huwa na mistari hafifu inayozunguka kutoka chini kwenda juu, alama za vidole vya aliyekivuta. Ukiona badala yake mstari mmoja ulionyooka ubavuni, kilitoka kwenye kalibu, na vikombe kumi kando yake vitalingana kama mapacha. Si vibaya, ila si kile ulichoambiwa. Halafu shika mkono wake. Vidole viwili au vitatu vipite, na kile cha chini kisiguse ubavu, maana kikijaa kinywaji cha moto ndipo utakapojua. Kunywa hewa: ukingo wa mdomo ukiwa mnene kama ubao, kitaishia kuwekewa kalamu.

Uliza pia kimechomwa kwa joto gani. Udongo uliochomwa kwenye nyuzijoto 1200 na kuendelea huwa mgumu kama jiwe na haunywi maji. Uliochomwa chini ya hapo, kama 1000 hadi 1150, ni mwepesi na mara nyingi una rangi za kupendeza zaidi, lakini ukibanduka kidogo ukingoni maji yanaingia ndani. Kwa matumizi ya kila siku nachukua cha kwanza. Cha pili kinafaa kuwekwa maua. Na kwa chochote kitakachogusa kinywa au chakula, fundi akuhakikishie kwamba rangi zake hazina madini ya risasi.

Blanketi ni jambo jingine, kwa sababu ni zawadi ya watu wengi kwa mpigo. Kikombe kina mwenyewe. Blanketi la kochini halina. Kwa familia inayotazama filamu pamoja, hakuna ninachokiweka juu yake. Chaguo lako ni kati ya lililofumwa kwa sindano mbili, lililofumwa kwa kroshia, na lililosukwa kwenye kitanda cha mfumaji. La sindano linanyumbuka na kumkumbatia mtu, lakini uzi mmoja ukivutwa na kucha za paka, tundu linatembea. La kroshia ni zito na lina matundumatundu, fundo zake hazifumuki kwa urahisi. La kusukwa ni bapa, linakunjika vizuri, na ndilo linalodumu kuliko yote ukilikalia na kulivuta kila jioni. Mimi kwa nyumba yenye watoto nachukua la kusukwa, kwa mzee anayekaa peke yake la sindano.

Jambo moja kuhusu kroshia ambalo wanunuzi wengi hawalijui: viwanda vina mashine za kufuma kama sindano, lakini kroshia halisi mpaka leo ni kazi ya mkono. Kwa hiyo ukiona blanketi zima la kroshia linauzwa kwa bei ya kutupa, usifurahie kwanza. Yuko mtu aliyekaa nalo siku nyingi, na fedha hizo ndizo alizogawana na kila aliyepitia kati yenu.

Uzi nao una maneno yake. Sufu inatunza joto hata ikiwa na unyevu, lakini inachukia maji ya moto. Mama yangu alifua sweta langu la sufu pamoja na mashuka, kwa maji ya moto na kusugua kwa nguvu zake zote, akanirudishia nguo ya mtoto wa miaka mitano, ngumu kama zulia. "Mwanangu, si umeongezeka mwili tu?" Kwa hiyo kabla ya kutoa sufu, jiulize nani anafua. Pamba inafulika lakini ni nzito na inachelewa kukauka. Akriliki inavumilia kila kitu, haigharimu sana, ila baada ya msimu mmoja inaota vidonge vidogo pale inapojisugua. Kwa nyumba ambayo kila mtu hutupa nguo kwenye mashine moja, nitampa pamba na kunyamaza.

Pochi ya ngozi ni ya mtu mmoja, uliye karibu naye kiasi cha kujua anabeba nini mfukoni. Hapa tofauti ya mkono na cherehani si hadithi. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazonasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mshono unaanza kuachia. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili zinapita kwenye kila tundu, kila moja kutoka upande wake. Ukikatika sehemu moja, upande wa pili bado umeshika. Utautambua kwa kuutazama karibu: mishono ya mkono hulala kidogo upande, pande zote mbili, na pale mwisho utaona fundi amerudi nyuma matundu mawili matatu kuufunga. Ingawa chema chajiuza na kibaya chajitembeza, usihukumu kwa boksi. Ifungue pochi, ikunje, unuse. Kama inanuka gundi kuliko ngozi, rudisha.

Ubao wa kukatia nausema kwa mstari mmoja: ni zawadi njema kwa anayepika na mzigo kwa asiyepika, na umpe pamoja na chupa ndogo ya mafuta ya madini, yale yaliyo salama kwa chakula, ya kuupaka, maana mafuta ya kupikia huchacha ndani ya mti.

Kwa watoto, vitu vya mbao vya kuchezea vinawashinda watu kwa uzuri wake, na mtu husahau kupima. Chukua lile gamba la karatasi linalobaki msalani roli likiisha. Chochote kinachopita humo, gurudumu, kichwa cha farasi, kitasa, asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kisha vuta kila gurudumu kwa nguvu, kwa sababu yeye atavuta.

Kununua au kutengeneza mwenyewe

Wanaosema zawadi uliyotengeneza mwenyewe siku zote ni bora kuliko ya kununua, hawajawahi kupokea yangu. Fundi ameshaharibu mia kabla ya hicho alichokuuzia. Wewe unampa mtu cha kwanza. Lakini kuna mahali ambapo cha mwenyewe kinashinda, nako ni kwa mtu aliyekufundisha. Pia kalenda iamue. Sabuni ambayo haijamiminwa kufikia katikati ya Novemba haitakauka kwa wakati. Mshumaa wa soya unaweza kumiminwa mwanzoni mwa Desemba. Skafu ya mtu mzima, kama sentimita 180, kwa mikono ya mwanafunzi kama yangu inakula jioni zote za mwezi mmoja, na uzi mnene utakuokoa zaidi kuliko bidii.

Mwaka juzi nilianza skafu ya shangazi tarehe 6 Desemba. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Mkesha ulipofika nilikuwa nimefika nusu, nikaifunga hivyohivyo, sindano zikiwa bado ndani na mpira wa uzi pembeni. Alifungua, akaigeuza, akahesabu mishono iliyopotea kwenye mstari wa tatu kutoka chini, akanitazama juu ya miwani. "Na hii imalizwe na nani?" Taa zikazimwa, filamu ikaanza, ile ya kila mwaka. Hakuhitaji kuitazama. Mtoto wa Home Alone alipokuwa anapaka lami ngazi za chumba cha chini ya nyumba, shangazi alikuwa ameshafuma mistari tisa, iliyonyooka kuliko yote niliyofuma mimi.